Mtaa Ambao Watu Hawaulizi Maswali Mengi: Uchambuzi wa Swali la Mhamaji Mmoja Kalemie

Utangulizi

Mwaka jana mwanamume mmoja ninayemfahamu tangu utotoni, ambaye mimi humwita yaya kwa kuwa amenizidi umri, aliniuliza hivi: «Mdogo wangu, mimi na mwenzangu tunahamia Kalemie. Ni mtaa gani ambao watu hawaulizi maswali mengi?»

Nimeiandika sentensi yake kwa Kiswahili sanifu ili iwe rahisi kuichambua. Mwenzake ni mwanamume, nao wanaishi pamoja kama watu waliooana. Hakuniambia hivyo siku ile. Hata hivyo nililielewa jambo kabla hajamaliza kusema, na baadaye mwenyewe alinithibitishia. Ameniruhusu kuitumia sentensi hiyo. Jina lake, kazi yake na mtaa aliohamia sitavitaja.

Makala haya yanauliza maswali mawili. Je, niliwezaje kuelewa jambo ambalo halikusemwa? Na swali lake linatufundisha nini sisi tunaosoma lugha, hasa tutakaoajiriwa kuwa wafasiri na wakalimani?

1. «Mwenzangu»: neno lisilotaja jinsia

Kiswahili hakitofautishi mume na mke katika viwakilishi wala katika viambishi vya ngeli ya kwanza. Tunaposema «yeye amefika», msikilizaji hajui kama aliyefika ni mwanamume au mwanamke. «Mwenzangu», «mpenzi wangu» na «mtu wangu» yana tabia hiyohiyo. Msemaji anaweza kumzungumzia mtu anayempenda kwa saa nzima, kwa sarufi sahihi, bila kusema uongo na bila kufichua jinsia yake.

Lakini lugha hiyohiyo ina mahali inapobana. Kitenzi «kuoa» ni cha mwanamume, na «kuolewa» ni cha mwanamke. Mwenye nyumba hapa kwetu, kabla ya kupokea garanti, huuliza: «Uko na bibi?» Swali hilo halina jibu lisilotaja jinsia. Ukisema ndiyo, bibi atasubiriwa aonekane. Ukisema hapana, wewe na mwenzako mnakuwa wanaume wawili wanaohitaji maelezo. Jibu la kawaida ni: «Niko na ndugu.» Kwa kijana wa miaka 20 linakubalika bila shida, kwa sababu wanafunzi wengi hupanga chumba pamoja. Kwa mtu wa miaka 40 huanza kuzaa maswali mengine.

Tukumbuke pia kwamba mji wetu unatumia lugha zaidi ya moja. Yaya ni msemaji mzuri wa Kifaransa, na mambo ya kazi huniambia kwa Kifaransa. Jambo hili aliliuliza kwa Kiswahili. Kifaransa kingemdai achague kati ya «mon copain» na «ma copine». Naona kwamba alichagua lugha kama mtu anavyochagua njia ya kupita usiku.

2. «Hawaulizi»: ukanushi wa mazoea

Hakusema «hawatauliza», ambayo ingekuwa ahadi ya wakati ujao. Wala hakusema «hawajauliza», ambayo ingehusu tukio lililopita na huenda likabadilika kesho. Alisema «hawaulizi», hali inayoeleza tabia ya watu. Katika Kiswahili chetu cha mazungumzo mazoea hayo huonyeshwa waziwazi kwa kiambishi -ak-, kama katika «banaulizaka». Alichokitafuta basi ni desturi ya mtaa mzima, wala si wema wa jirani mmoja.

Angalia pia neno «mengi». Hakudai mtaa usio na maswali. Mtu wa Kalemie anajua kwamba mtaa wa namna hiyo haupo: kumuuliza jirani ametoka wapi, ni mtoto wa nani na watoto wake wako wapi ni sehemu ya salamu. Aliomba kiasi tu.

Hapa nadharia ya H. P. Grice, iliyochapishwa 1975, inatusaidia. Grice alieleza kwamba mzungumzaji anapotoa habari pungufu kuliko tulivyotarajia, msikilizaji hutafuta sababu ya upungufu huo, na sababu hiyo huwa sehemu ya ujumbe. Mhamaji wa kawaida huuliza juu ya maji, umeme, kodi na usalama. Huyu aliyaacha yote hayo akauliza juu ya maswali. Upungufu huo ndio ulionijulisha.

Kuna jambo jingine, na kwangu ndilo kiini cha makala haya. Sentensi ile ilikuwa pia mtihani kwangu mimi niliyeulizwa. Kama ningejibu, «Kwa nini? Mwenzako ni nani? Anafanya kazi gani?», ningekuwa nimethibitisha kwamba mimi ni mmoja wa watu wanaouliza. Angecheka kidogo, kisha tungezungumza juu ya bei ya samaki. Swali lake lilifanya kazi mbili: lilitafuta mtaa, na lilimpima mtu wa kumwongoza huko.

3. Maneno ambayo hakuyatumia

Kiswahili kina maneno ya kutosha ya kumtaja mtu kama yaya, lakini ni machache ambayo mtu angependa kujiita. «Shoga» katika pwani ni mwanamke anayemwita hivyo mwanamke rafiki yake, kwa mapenzi kabisa. Neno hilohilo likielekezwa kwa mwanamume hugeuka kuwa tusi. «Hanithi», lenye asili ya Kiarabu, hubeba maana ya upungufu wa uume. «Msenge» ni tusi popote linapotumika, na vilevile «pede» tuliyoichukua kutoka Kifaransa. «Mpenzi wa jinsia moja» ni la ripoti na la redio. Sijamsikia mtu akijitambulisha hivyo jikoni kwake.

Kwa hiyo msemaji ana njia mbili tu: kutumia neno linalomuumiza au kunyamaza kwa ustadi. Yaya alinyamaza kwa ustadi.

4. Sheria kandokando ya ziwa

Ukimya huu una sababu. Ziwa Tanganyika linagawanywa na nchi nne. Tanzania huadhibu uhusiano wa aina hii kwa kifungo cha miaka 30 hadi maisha. Zambia nayo ina kifungo kinachoweza kufika maisha. Burundi iliuingiza katika makosa ya jinai kwa sheria ya 2009. Kongo peke yake haina kifungu kinachoutaja. Hata hivyo kifungu cha 176 cha sheria yetu ya adhabu, kinachohusu kuchafua maadili hadharani, ni kipana kiasi cha kumtisha mtu, na Katiba ya 2006, katika kifungu cha 40, inataja ndoa ya watu wa jinsia tofauti tu.

Kwa mada yetu, mfano wa Uganda una uzito zaidi, kwa kuwa sheria yake ya 2023 iliingia hadi katika nyumba ya kupanga. Ilimtishia kifungo mtu aliyeruhusu jengo lake litumike kwa uhusiano huo, na ikawalazimu watu kutoa taarifa polisi. Yaani ilimfanya jirani kuwa muulizaji kwa amri. Tarehe 3 Aprili 2024 Mahakama ya Katiba ya Uganda iliyafuta masharti hayo ya majengo na ya kutoa taarifa, lakini ikaiacha sehemu kubwa ya sheria.

Kwingineko swali hili huulizwa kwa sauti. Mtu anayehamia San Francisco anaelekezwa Castro, na anayehamia Cape Town anaelekezwa De Waterkant. Afrika Kusini iliandika katika Katiba yake ya 1996 kwamba mtu asibaguliwe kwa sababu ya mwelekeo wake wa kimapenzi.

5. Mtaa au lupango?

Nilipomjibu yaya niligundua kwamba neno «mtaa» halikutosha. Hapa kwetu anayekujua si mtaa bali lupango: familia nne au tano, bomba moja, choo kimoja, mlango mmoja wa barabarani. Mtaa unaweza kuwa mpole na lupango likawa kali. Kwa hiyo sikumtajia jina la mtaa. Nilimwambia amtafute komisionere asiye wa kanisa la familia yake, achague nyumba yenye mlango wake na choo chake, ndani ya lupango lenye wapangaji wanaokuja na kwenda kwa kazi za bandari au za mashirika, na ajitambulishe mapema kwa shefu wa mtaa, kwa sababu mgeni asiyejitambulisha ndiye anayeulizwa zaidi.

Hitimisho

Mfasiri akipewa neno la Kifaransa «accueillant» katika hati inayohusu makazi ya watu kama hawa, asikimbilie «unaokaribisha». Kiswahili kinatupa angalau ngazi tatu. Kuna mtaa unaovumilia: unajua, unaudhika, unanyamaza. Kuna mtaa unaositiri: unajua au unahisi, na unaona kuwa kumlinda mtu asiaibike ni adabu. Kuna mtaa unaopokea: unajua, na hakuna anayehitaji kulindwa. Mfasiri akizichanganya ngazi hizi, anaweza kumpeleka mtu mahali ambapo atadhani amepokelewa kumbe amevumiliwa tu, na tofauti hiyo ataijua siku ya ugomvi wa kwanza kwenye bomba.

Yaya na mwenzake wanaishi Kalemie sasa. Nilipowatembelea, mama wa nyumba ya pili alikuwa amewaletea sahani ya ndagala, akaiweka mlangoni, akarudi kwake. Sikujua niiweke katika ngazi ipi. Nilimuuliza yaya. Alijibu kwamba hata yeye bado hajui, na kwamba kwa sasa inatosha kurudisha sahani ikiwa safi na kuwekewa kitu juu yake.