Katoka Qatar, mbona mkono wa birika?

Swali: Kaka yangu ni mlinzi Doha. Hutuma karo na kodi ya nyumba, lakini alipokuja likizo hapa Umoja hakuwanunulia majirani hata soda. Mama anaona haya. Je, kaka ni mchoyo?

Jibu: La, dada. Tangu Machi 2021, kima cha chini cha mshahara Qatar ni riyal 1,000 kwa mwezi, takriban shilingi 35,000 za Kenya, mbali na malazi na chakula. Wengi huondoka na deni la ajenti, na mishahara ya kwanza huishia kulilipa. Majirani huona begi kubwa na viatu vipya. Meseji ya M-Pesa ya karo hawaioni.

Mchoyo ni mwenye uwezo anayemnyima anayemtegemea. Kaka akikopa ili asifiwe kwenye nyama choma, deni hilo litakatwa kwenye kodi yenu.

Kabla ya likizo ijayo, kubalianeni na mama kiasi kidogo cha kukaribisha wageni. Chai na mandazi yanatosha. Wakinung'unika, mama aseme waziwazi: "Mwanangu anasomesha mdogo wake." Huo ndio ukarimu, na hauna haya.