Dawa Iliyomo Mwilini mwa Mdudu



Vitazameni vile vinzi vidogo vinavyozungukia ndizi zilizoiva mno. (Si yule nzi atoboaye embe mtini, huyo ni mwingine.) Huzaliwa ndani ya uozo na hula uozo, na uozo huo umejaa bakteria, yaani vijidudu visivyoonekana kwa jicho tupu. Mbona havifi? Mdudu hana zile chembe za damu ambazo kwetu sisi hutengeneza kinga maalumu kwa kila maradhi. Walakini anayo kinga yake mwenyewe, nayo yafaa ijulikane na kila apiganaye na viwavi shambani.

Mwanzo wa habari hii uko Sweden. Huko Bwana Hans Boman na wenzake walimchukua nondo mkubwa wa Amerika ya Kaskazini, akiwa bado amelala ndani ya kifuko chake cha hariri, wakamdunga bakteria wasioweza kumwua. Baadaye damu yake ikawa inaua bakteria. Walimchagua aliyelala kwa sababu nzuri: mwili uliolala hautengenezi vitu vingi, basi kitu kipya kikitokea huonekana mara moja. Mwaka 1981 walitangaza muundo wa dawa hiyo, wakaiita sekropini. Ni protini fupi inayotoboa ngozi ya bakteria hata afe.

Dawa hiyo haikuwamo kabla. Kilichokuwamo ni maagizo ya kuitengeneza, na maagizo hayo huitwa jeni (msomaji asishtuke, si jini). Mwenye shamba hawaweki wachumaji mwaka mzima. Huwaita karafuu zikiwa tayari. Ndivyo ufanyavyo mwili wa mdudu, maana kutengeneza dawa kwala chakula na nguvu, na kinga ikizidi kiasi humdhuru mwenyewe.

Je, ni nani apigaye mbiu? Jibu lilipatikana kwa vile vinzi vya ndizi. Bakteria ana ukuta uliojengwa kwa kitu ambacho mwili wa mdudu hauna kabisa. Nzi anazo protini ambazo kazi yake ni kuutambua ukuta huo tu. Zikikigusa kipande chake, habari hupokezanwa ndani ya chembe, mkono hadi mkono, mpaka protini moja iitwayo Relish ikatwe, iingie katika kiini cha chembe na kuziamsha jeni. Kazi hii hufanyika hasa katika mafuta ya mwili, ambayo kwa nzi ni kama ini kwetu. Katika masaa machache damu imejaa dawa.

Iko na njia ya pili, iitwayo Toll, iliyo kinga ya ukungu na ya bakteria wa namna nyingine. Mwaka 1996, mjini Strasbourg, Ufaransa, Bruno Lemaitre, Jules Hoffmann na wenzao walionyesha kwamba nzi aliyeharibikiwa na njia hiyo huuawa na ukungu upesi. Mwaka 1998 Bruce Beutler wa Marekani akaonyesha kwamba panya naye ana jeni ya ukoo huo huo, nayo humjulisha kuwa bakteria wameingia. Nasi wanadamu tunazo. Hoffmann na Beutler walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2011, pamoja na Ralph Steinman.

Sasa turudi shambani. Iko dawa ya viwavi iliyotokana na bakteria aitwaye Bacillus thuringiensis, iliyouzwa kwanza Ufaransa mwaka 1938. Kiwavi akila jani lililonyunyiziwa, sumu yake humtoboa utumbo, na bakteria hupenya mwilini. Hapo hukutana na kinga tuliyoieleza. Lakini bakteria huyu si mgeni wa vita hivi: hutoa protini yake inayozikata sekropini vipande vipande, kama wataalamu wa Sweden walivyoeleza mwaka 1984. Anayeitumia dawa hii na ainyunyize jioni, viwavi wangali wadogo, kwani jua huiharibu, na kiwavi asiyeila haimdhuru.