SOMO LA MWEZI HUU: MAMA AKIRUDI KAZINI, NI HASARA YA NANI?

Katika somo hili tunamtazama mama aliyemaliza likizo ya uzazi na kurudi kazini huku mtoto bado ananyonya. Wako wanaoshindwa na kuacha kazi. Wengine hubaki, lakini mtoto anaanzishiwa maziwa ya ng'ombe na uji mapema, kuhara kunaingia, na mama anaomba ruhusa kila mara. Mwajiri naye husema, "Akina mama ni hasara." Je, ni kweli?

Sheria yasemaje?

Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama likizo ya miezi mitatu kwa mshahara kamili, na haki ya kurudia kazi yake au nyingine inayomfaa. Shirika la Afya Duniani nalo linashauri mtoto apewe maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita. Hapo pana pengo la miezi mitatu au zaidi. Sheria ya Afya ya 2017 inajaribu kuliziba: kila mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea au kukamulia maziwa, na mahali hapo pasiwe chooni. Mama apewe pia muda wa kufanya hivyo, usiozidi saa moja katika kila saa nane za kazi, mbali na saa ya chakula. Muda huo unahesabiwa kuwa ni wa kazi.

Basi tupige hesabu

Tarakimu hizi ni za mfano tu. Wewe weka zako. Tuseme mama analipwa sh. 20,800 kwa mwezi, kwa siku 26. Hiyo ni sh. 800 kwa siku, yaani sh. 100 kwa saa.

- Saa moja kila siku ni sh. 2,600 kwa mwezi. Kwa miezi mitatu ni sh. 7,800.
- Pazia, kiti, meza ndogo, mahali pa kunawa na sanduku la barafu, tuseme sh. 10,000. Jumla ni sh. 17,800.
- Akiacha kazi, mgeni atajifunza kwa miezi miwili akifanya nusu ya kazi. Hapo umepoteza sh. 20,800, bado hujahesabu makosa yake wala ovataimu ya wenzake.

Mama wa pili atakukuta na vifaa tayari, kwa hivyo utatoa sh. 7,800 tu. Tena, siku moja ya ruhusa kumpeleka mtoto zahanati ni sh. 800, sawa na siku nane za kukamua. Ni kweli, mama akiendelea mpaka mtoto afike mwaka mmoja gharama itapanda. Lakini mtoto akishaanza kula, mama hukamua mara chache zaidi.

Tuanzie wapi?

1. Mwajiri na mama wapatane saa za kukamua kabla hajarudi, ili mwenzake ajue lini atamshikia kazi.
2. Mama anawe mikono na akamue katika chombo safi chenye kifuniko. Maziwa yasikae nje zaidi ya saa nne. Penye joto kali yatiwe kwenye barafu mara moja.
3. Yaya afundishwe kumnywesha mtoto kwa kikombe safi. Maziwa yapashwe kwa kuweka chombo ndani ya maji ya moto, si juu ya jiko.

Nasi kanisani je?

Shule, zahanati na ofisi zetu zimeajiri akina mama pia. Tusome Kutoka 2:7-9. Binti Farao alimlipa mama mshahara amnyonyeshe Musa, asijue kuwa ndiye mama mzazi. Ikiwa nyumba ya Farao iliweza, sisi tutajitetea kwa lipi?

Maswali ya kujadiliana

1. Mahali unapofanya kazi, mama hukamulia wapi?
2. Mwaka jana mlipoteza wafanyakazi wangapi baada ya kujifungua? Kila mmoja aliwagharimu kiasi gani?
3. Kamati yetu inaweza kutenga chumba gani mwezi huu?