Damu nyingi baada ya kujifungua: vifaa vinatosha?

SWALI: Mkwe wangu atajifungua mwezi ujao. Tuko kijijini Rungwe, na mvua zikinyesha usafiri ni shida. Nasikia kuna vifaa vya kuzuia damu. Vinatosha? – Mama, Rungwe

JIBU: Mama, ninachokithamini zaidi ni kifaa rahisi kabisa: mfuko wa plastiki wenye vipimo, unaotandikwa chini ya mzazi mtoto akishatoka. Damu iliyozama kwenye kanga hudanganya macho; nusu lita huonekana kidogo. Utafiti uliofanyika Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa kwetu, ukachapishwa 2023, ulionyesha kuwa mfuko huo ukienda pamoja na matibabu ya haraka (kukanda kizazi, oksitosini, asidi ya traneksamiki, dripu, uchunguzi), damu kali, upasuaji wa dharura na vifo kwa jumla vilipungua kwa asilimia 60.

Damu isipokoma, kuna puto la kondomu: hufungwa kwenye katheta, huingizwa na kujazwa maji ya dripu, likabana kizazi kwa ndani. Kuna pia vazi la kuzuia mshtuko, linalokaza miguu na tumbo ili damu ibaki kwenye moyo na ubongo. Vazi halitibu. Linampa mgonjwa muda wa kufika kwenye upasuaji na damu ya kuongezwa, na kutoka Tukuyu, mji wa wilaya yenu, hadi hospitali ya rufaa Mbeya ni kilomita 70 hivi.

Vifaa hivi vyote vinahitaji mhudumu wa afya na matibabu, kwa hiyo nyumbani havitamsaidia. Asogee karibu na hospitali ya wilaya wiki mbili au tatu kabla, ajue kundi lake la damu, na ndugu wawili watatu wawe tayari kuchangia.