Dondoo muhimu: Alisi aingie darasani

Mwalimu wa Malindi na Unguja nzima, riwaya ya Lewis Carroll ya 1865 ni mlango mzuri wa fasihi. Ipo kwa Kiswahili tangu 1940. Tafsiri ya Ida Hadjivayanis, *Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu*, ilitoka 2015.

• Anza na "Paukwa!" Wakishaitikia "Pakawa!", soma kwa sauti mpaka Alisi anapotumbukia shimoni akimfuata sungura mwenye saa. Funga kitabu, waulize ataangukia wapi.

• Asiyesoma vyema asikilize kwanza, asiaibishwe mbele ya wenzake.

• Igizeni kesi ya vikeki vilivyoibiwa, Mfalme akiwa hakimu. Hapo wafundishe mhusika, mgogoro na kejeli.

• Kila mmoja aandike ukurasa: Alisi anaibukia soko la samaki la Malindi, mnada umepamba moto.

• Kisha wape *Adili na Nduguze* ya Shaaban Robert, ambamo ndugu wawili wamegeuzwa manyani. Wajadili: walistahili?

Maswali ya mtihani yasubiri. Kwanza mwanafunzi aipende hadithi, uchambuzi utakuja.