Seva Isiyozima Nayo Huugua: Somo Fupi la Mtandao wa Matengenezo

Mwaka jana nikiwa fildi, kwenye shule moja ya sekondari, niliona kitaa kimoja kidogo kikiwatesa walimu wiki nzima. Shule ilikuwa na seva ya kutunzia maksi, na kila mgeni aliambiwa: "Hii ina diski mbili, moja ikifa nyingine inaendelea." Ni kweli kabisa. Diski moja ilikufa na nyingine ikaendelea. Shida ni kwamba hakuna aliyejua. Seva ilikuwa stoo, mlango umefungwa, kitaa cha njano kinawaka peke yake gizani. Diski ya pili ikafa wiki ya kujaza ripoti, na nakala ya akiba hakuna.

Tukarudi kwenye makaratasi. Mimi nilipewa Kidato cha Pili. Mtihani wa Hisabati ulikuwa umesharudishwa kwa wanafunzi, na wengine walishatupa karatasi zao. Kuna binti aliapa alipata 71. Namwamini, lakini karatasi haikuonekana. Mpaka naondoka, kwenye ripoti yake pale palikuwa wazi.

Wenzangu wa ualimu mnajua: ukiripoti kituo cha kazi na ikajulikana tu kwamba unaweza kuwasha laptop, chumba cha kompyuta ni chako. Kwa hiyo somo hili linatuhusu, hata kama hatusomi uhandisi.

Kustahimili si kupona

Wazo la kompyuta inayostahimili hitilafu si geni. Mwaka 1974 huko Marekani ilianzishwa kampuni ya Tandem, iliyotengeneza kompyuta ambazo kila kiungo muhimu kina mwenzake, na mabenki yakawa miongoni mwa wateja wake wa mwanzo. Jina lenyewe linakumbusha baiskeli ya watu wawili. Seva za leo zimerithi wazo hilo: pawa saplai mbili, diski pacha, feni za ziada, na penye fedha, mashine mbili nzima.

Sasa fikiria basi la mkoani lenye tairi pacha nyuma. Ya ndani ikipasuka, basi linaendelea na abiria wanaendelea kusinzia. Ila kuanzia hapo mzigo wote uko kwenye tairi moja, na dereva asiposhuka kukagua, ataijua habari siku ya pili ikipasuka. Seva yenye viungo pacha ni hivyo hivyo. Inakupa muda wa kutengeneza, basi. Na uzuri wake wa kutozima ndio unaokuficha ugonjwa. Lazima iwe na njia ya kukuambia inaumwa, na wewe uwe na njia ya kuifikia. Njia hiyo ndiyo mtandao wa matengenezo.

Mlango wa uani

Seva nyingi za kiofisi zina kompyuta ndogo ndani yake, inayoitwa BMC. Dell wanaiita iDRAC, HPE wanaiita iLO. Hii huwa macho hata seva ikiwa imezimwa, mradi waya wa umeme umechomekwa. Inaona joto, feni na umeme, na kwenye seva nyingi hali ya diski pia. Kupitia kwayo unaweza kuwasha au kuzima seva ukiwa mbali. Watumiaji wanapita mlango wa mbele, fundi anapita uani. Mlango wa mbele ukigoma, wa uani uwe bado unafunguka.

Namna ya kuupanga

1. *Utenganishe.* Seva nyingi hukuruhusu kuchagua: BMC itumie tundu la kebo la watumiaji, au lake peke yake. Chagua la peke yake, na lipeleke kwenye swichi nyingine. Swichi hiyo nayo ipate umeme wa UPS.

2. *Ipe anwani ya kudumu.* Tumia anwani za ndani, mfano 192.168.50.11, na uiandike kwenye daftari. Usiache BMC isubiri kugawiwa anwani na seva ile ile inayotakiwa kuokolewa.

3. *Funga mlango.* Badilisha neno la siri la kiwandani siku ya kwanza, na usiiweke BMC kwenye intaneti. Utaratibu wa IPMI 2.0, unaotumika kwenye BMC nyingi, una udhaifu unaojulikana: mtu akiifikia tu anaweza kuchukua alama iliyotokana na neno la siri, akaenda kuivunja kwake taratibu. Ingia kupitia kompyuta moja maalumu, au VPN.

4. *Taarifa ziende kwa watu wawili.* Mmoja akiwa likizo, mwingine yupo. Na zisipitie barua pepe inayoishi kwenye seva hiyo hiyo.

5. *Jaribu.* Chukua nakala ya akiba, omba ruhusa, chagua Jumamosi tulivu, kisha chomoa waya mmoja wa umeme kati ya miwili. Taarifa imefika kwenye simu? Halafu zima swichi ya watumiaji. Bado unaifikia BMC?

Wakubwa nao hunaswa

Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, WhatsApp na Instagram zilizima dunia nzima kwa takriban saa sita. Wengi wetu tulidhani bando limeisha. Kwa maelezo ya kampuni yenyewe, amri iliyotolewa wakati wa matengenezo ya kawaida ilikata viungo kati ya vituo vyao vya data, na programu ya kukagua amri kama hizo ilikuwa na kasoro, haikuizuia. Zana za ndani za mafundi nazo zikafa. Mtandao wa pembeni, uliowekwa kwa ajili ya siku kama hiyo, nao haukufanya kazi. Ikabidi mafundi waende kwa miguu yao mpaka kwenye mashine, na kupita ulinzi wa majengo kulichukua muda wake.

Ndiyo maana hatua ya tano siyo mapambo. Mlango wa uani ambao haujawahi kufunguliwa, huwezi kusema unafunguka.

Zoezi

a) Seva ina diski pacha na mtu akafuta faili la maksi kwa bahati mbaya. Je, diski ya pili itakuokoa? (Haitakuokoa, nayo imefuta papo hapo. Nakala ya akiba ni kitu kingine.)

b) Chora seva ya shule utakayokwenda fildi: kebo zake, swichi, umeme. Weka alama ya X kwenye kila kitu ambacho kikifa, hutaweza tena kuifikia.

c) Ukifika huko, kabla ya kuomba chaki, omba ufunguo wa stoo. Ingia, tazama kitaa kina rangi gani.