Ramani Nyepesi Katika Tovuti: Mteja Afike Bila Kumaliza Kifurushi

Mwenye nyumba ya wageni au kitalu cha miche wilayani Kisarawe huulizwa mara kwa mara: "Mpo wapi hasa?" Ramani katika tovuti yake hulijibu swali hilo. Hata hivyo, mteja huifungua kwa kifurushi chake mwenyewe. Ikiwa ramani ni nzito na mtandao ni hafifu, huenda akaufunga ukurasa kabla ya kuiona njia.

Ramani ya kusogeza na kukuza kwa kidole huundwa na programu inayoiendesha pamoja na vipande vya picha vya mraba, vilivyopangwa kama vigae vya sakafu. Kila inaposogezwa au kukuzwa, vipande vipya hupakuliwa, na data huzidi kutumika.

Unapomwagiza fundi wa tovuti, zingatia yafuatayo:

1. Picha kwanza. Ukurasa uonyeshe picha moja ndogo ya ramani, mathali barabara itokayo Pugu hadi Kisarawe mjini, yenye alama mahali ulipo. Ramani kamili ipakuliwe pale tu mteja anapoigusa picha hiyo.

2. Programu nyepesi. Leaflet, iliyotolewa mwaka 2011 na Volodymyr Agafonkin wa Ukraine, haina malipo, na ikibanwa ina takriban kilobaiti 42. Inaweza kutumia ramani za OpenStreetMap, mradi ulioanzishwa Uingereza mwaka 2004 na kujengwa na watu wanaojitolea. Jijini Dar es Salaam, wanafunzi na wakazi waliuchangia kupitia Ramani Huria. Sharti lake ni kuutaja mradi huo kwenye ramani.

3. Maelekezo ya maneno. Andika kituo cha kushukia na alama iliyo jirani, ili ramani isipofunguka mteja asipotee.

4. Faragha. Kuonyesha ulipo wewe hakuhitaji kujua alipo mteja. Tovuti isiombe taarifa hiyo bila sababu. Taarifa binafsi zinalindwa na Sheria ya mwaka 2022. Nawe unapotembelea tovuti za wengine, una hiari ya kukataa ombi hilo.

Kabla ya kumlipa fundi, fungua ukurasa kwa simu ya kawaida, mahali penye mtandao hafifu, na ulinganishe salio la data kabla na baada. Usipoiona njia upesi, mteja wako naye hataiona.